Rekodi ya Bondia wa Uzani wa Juu na Namna ya Kuipima

Mkulima wa kahawa wa Embu au Meru hahitaji kufundishwa kwamba herufi AA huonyesha ukubwa wa punje zilizobaki juu ya chekeche, ilhali ladha ya kikombe hupimwa kando na waonjaji, hivyo kwamba shehena mbili za AA zaweza kupishana mno kwa bei mnadani. Rekodi ya bondia wa uzani wa juu yastahili kusomwa kwa tahadhari iyo hiyo, kwa sababu idadi ya ushindi na ya KO, yaani mapambano yaliyokatizwa kwa mpinzani kuangushwa au kuzidiwa, hueleza wingi tu. Ubora hujulikana kwa kuuliza ni nani aliyemchagua mpinzani, na alimchagua lini.

Katika ndondi za ridhaa, ambazo ndizo zilizoipa Kenya sifa, wapinzani hupangwa kwa kura: George Onyango alipotwaa dhahabu ya uzani wa juu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Auckland mwaka 1990, hakuna meneja aliyeweza kumwondolea mpinzani mgumu njiani. Hata aliyeshindwa huweza kutambuliwa huko, kwani Philip Waruinge, bondia wa uzani mwepesi kuliko huo, alitolewa katika nusu fainali ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akarudi na shaba, lakini akapewa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi bora kuliko wote mashindanoni.

Ndondi za kulipwa zina mpanga mapambano, mtu ambaye kazi yake ni kumtafutia promota wapinzani wanaofaa, na ambaye kwa kawaida humwanzisha kijana wake kwa watu wanaotarajiwa kushindwa. Hilo si kosa, maana bondia mchanga lazima ajifunze kustahimili raundi nyingi. Kosa ni mtindo huo kuendelea baada ya bondia kukomaa. Deontay Wilder alipokutana na Tyson Fury kwa mara ya kwanza, Desemba 2018, alikuwa ameshinda mapambano 40, 39 kwa KO, na George Foreman alifika Kinshasa Oktoba 1974 kupigana na Muhammad Ali akiwa na ushindi 40, 37 kwa KO. Kwa tarakimu Wilder yuko mbele. Hata hivyo, katika miezi 21 kabla ya Kinshasa, Foreman alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili mjini Kingston, kisha akammaliza Ken Norton katika raundi ya pili mjini Caracas, na wote wawili walikuwa wamewahi kumshinda Ali. Mpinzani mgumu zaidi wa Wilder kabla ya Fury alikuwa Luis Ortiz wa Cuba, aliyekuwa akikaribia miaka 39 walipopigana. Kwa sababu hiyo ushindi wa Ali, mwenye miaka 32, dhidi ya Foreman katika raundi ya nane una thamani ambayo rekodi nyingi zisizo na doa hazina.

Wakati nao hudanganya. Rocky Marciano alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yote 49, na mojawapo ni lile la Oktoba 1951 dhidi ya Joe Louis, jina kubwa kabisa, lakini Louis huyo alikuwa na miaka 37 na alikuwa amerejea ulingoni kwa kubanwa na madeni ya kodi. Anayetaka kumtendea haki Marciano na atazame Septemba 1952 mjini Philadelphia, alipoangushwa na Jersey Joe Walcott katika raundi ya kwanza, akawa nyuma kwa pointi, kisha akautwaa ubingwa kwa pigo moja la mkono wa kulia katika raundi ya 13. Leo pambano la ubingwa huishia raundi ya 12, na kwa kilo zake takriban 84 Marciano angewekwa katika uzani wa kruza, daraja lililoanzishwa karibu mwaka 1980 chini ya uzani wa juu. Anayelinganisha enzi bila kukumbuka hayo mawili hupoteza muda wake.

Enzi za sasa zina mikanda minne mikuu, na wingi huo huwapa mabingwa kisingizio cha kukwepana kwa miaka. Oleksandr Usyk, aliyetoka uzani huo wa kruza, alimfuata Anthony Joshua London mwaka 2021, kisha Mei 2024 akamshinda Fury mjini Riyadh, na uzani wa juu ukapata bingwa mmoja asiyepingwa kwa mara ya kwanza tangu Lennox Lewis alipomshinda Evander Holyfield mwaka 1999. Lewis mwenyewe alipoteza mapambano mawili, dhidi ya Oliver McCall mwaka 1994 na Hasim Rahman Aprili 2001, naye akarudiana na wote wawili na kuwashinda, Rahman akidondoka katika raundi ya nne Novemba ya mwaka uo huo.