Riwaya ya Upelelezi Masikioni mwa Watoto

Muhammed Said Abdulla aliiandika Mzimu wa Watu wa Kale ili isomwe. Riwaya hiyo, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1960, ndiyo iliyomleta Bwana Msa na kiko chake katika fasihi ya Kiswahili. Sasa ambapo hadithi zilizorekodiwa humfikia mtoto kwa simu ya mzazi wake, yafaa kuuliza kama upelelezi wa namna hiyo waweza kuhamishwa kutoka jichoni hadi sikioni bila kuharibika. Na yafaa swali liulizwe mbali na Unguja: Nchiru, kwa mfano, katika nchi ya Wameru, ambako mtoto wa miaka 10 au 12 aghalabu amejifunza Kiswahili baada ya Kimeru.

Kikwazo cha kwanza ni msamiati, wala si kikubwa. Kwa mtoto huyo huenda mzimu ukawa ni roho ya marehemu tu. Kwa Abdulla ni mahali panapotambikiwa, na ndipo maiti inapopatikana. Anayesoma aweza kurudi ukurasa nyuma akajisahihisha. Anayesikiliza atamngoja mzuka hata sura ya mwisho. Sentensi moja ya msimulizi yatosha kuliondoa tatizo hilo.

Kikwazo cha pili ni kizito zaidi, nacho chatokana na neema ya lugha yenyewe. Viambishi vya nafsi vya Kiswahili havitengi mume na mke. Mwandishi wa Kiingereza anayetaka kuificha jinsia ya muuaji hulazimika kuzungukazunguka. Wa Kiswahili huandika tu kwamba mtu aliingia, akafunga mlango, akaichukua barua, na siri imehifadhika. Lakini itazamwe sentensi kama hii: "Fungua, ni mimi," ilisema sauti nje ya mlango. Karatasini msemaji ni yeyote. Msimulizi apendaye kuigiza hana budi kuchagua: sauti nzito au nyembamba, ya kijana au ya kikongwe. Kwa maneno matatu amekwisha kumtaja mtuhumiwa. Uigizaji, ambao katika ngano ndio utamu wenyewe, hapa ni uvujaji wa siri. Afadhali sauti moja tulivu, isiyomjua muuaji kabla ya msikilizaji. (Waigizaji hawatafurahi.)

Itadaiwa kwamba sauti moja itamchosha mtoto. Kitendawili chakanusha dai hilo. Mtegaji hana sauti za kuigiza, ana kimya. Hutega, hungoja, husikiliza majibu yaliyokosea, wala hafumbui mpaka apewe mji. Rekodi haingoji. Humpa mtoto ushahidi na ufumbuzi kwa pumzi moja, na kumfanya mpokeaji badala ya mpelelezi. Basi sura ikatwe pale ushahidi unapokamilika, hata kama taharuki haijapanda.

Nchiru si pageni kwa usikilizaji wa namna hiyo. Ndipo penye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, ambako madai na ushahidi hupimwa kwa sikio. Nao mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, waihesabu kusikiliza na kuzungumza kuwa stadi ya kufundishwa. Darasani mwalimu aweza kuisimamisha rekodi na kuuliza ni nani aliyekuwa na ufunguo. Nyumbani, mtoto akiwa peke yake na simu, kimya hicho lazima kiwemo ndani ya rekodi.