Njiti Saba na Utepe wa Mita Sita

Mwambie mwanafunzi wa darasa la 10 kule Ontario, Kanada, aandike kitu cha kubuni kuhusu Chanie Wenjack, mtoto aliyefariki mwaka 1966 baada ya kutoroka shule ya bweni, na usishangae akikuletea barua. Karatasi imelowekwa kwenye chai ya rangi ili ionekane kuukuu, kingo zimeunguzwa kwa mshumaa, na ndani yake mtoto wa miaka 12 anamwandikia mama yake kwamba baridi imemzidi na kwamba amewasamehe wote. Mwalimu atalengwalenga na machozi, na alama atatoa. Mimi ningeirudisha. Uchungu umo, tena mwingi, ila wote ni wa aliyeiandika. Chanie hakuacha barua. Kumshikisha kalamu ambayo hakuwa nayo, na katika lugha aliyolazimishwa shuleni, ni kumsemesha yale ambayo msomaji wa leo angependa kuyasikia.

Historia ya Kanada tangu 1914 ni somo la lazima katika sekondari za Ontario. Humo ndimo zinamofundishwa shule za bweni walikopelekwa watoto wa Wenyeji wa asili: takriban watoto 150,000, kwa muda uliozidi karne moja, serikali ikilipa na makanisa yakiendesha. Tume ya Ukweli na Upatanisho ilipofunga kazi yake mwaka 2015 ilitaka habari hizo zifundishwe kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari. Insha ya kurasa mbili ilionekana kuzimudu vibaya, ndipo zikaongezeka kazi za sanaa: shairi, mchoro, wimbo, ramani, vibao vya mbao vilivyopakwa rangi. Sina ugomvi na kazi hizo. Ugomvi wangu uko kwenye utengenezaji, kwa kuwa nyingi huanza na nia safi zikaharibikia mikononi.

Tuanze na malighafi. Chanie alikuwa Mwanishinaabe kutoka Ogoki Post, katika jamii ya Marten Falls, kaskazini mwa Ontario. Akiwa na miaka tisa alipelekwa Kenora, katika shule ya Cecilia Jeffrey iliyokuwa chini ya kanisa la Presbiteri. Tarehe 16 Oktoba 1966 alitoroka pamoja na ndugu wawili wa familia moja, wakatembea hadi kwenye kibanda cha mjomba wa wenzake hao huko Redditt. Siku chache baadaye aliendelea peke yake akifuata reli, amevaa kijaketi chepesi cha pamba. Nyumbani kulikuwa umbali wa takriban kilomita 600. Tarehe 23 mwili wake ulionekana kando ya reli, karibu na Farlane. Alichokuwa nacho ni kichupa cha kioo chenye kifuniko cha kuzungusha, na ndani ya kichupa njiti za kiberiti, zote kavu.

Mwezi Novemba baraza la uchunguzi wa kifo lilikaa Kenora, na wajumbe wake walifika mahali pa kuuliza kama elimu ya namna ile ni sahihi. Februari 1967 Ian Adams alichapisha makala katika jarida la Maclean's. Makala hiyo ndiyo chimbuko la karibu kila kilichoandikwa baadaye, na hata jina la mtoto limekosewa humo: shuleni walimwita Charlie, basi kichwa cha habari nacho kikamwita Charlie.

Hayo ndiyo yote, au karibu yote. Mwandishi mwenye huruma tupu akiona pengo hulijaza mara moja. Mwenye ufundi hulipima kwanza, akajua linaanzia wapi na kuishia wapi, kisha akajenga pembeni yake.

Mfano ambao wanafunzi wengi huwekewa mezani ni Secret Path wa mwaka 2016: albamu ya nyimbo kumi za Gord Downie, kitabu cha katuni kilichochorwa na Jeff Lemire, na filamu ya vibonzo iliyorushwa na CBC tarehe 23 Oktoba, miaka 50 kamili tangu mwili uonekane. Downie, mwimbaji wa bendi ya The Tragically Hip, alikuwa ameshaambiwa ana saratani ya ubongo, na mwaka uliofuata alifariki. Habari ya ugonjwa wake hutajwa sana darasani. Kinachotajwa kidogo ni jinsi wawili hawa walivyogawana kazi.

Fungua kitabu. Lemire hakuweka mazungumzo, hakuna hata kiputo kimoja cha maneno. Maneno pekee yaliyomo ni ya nyimbo, nayo yamekaa kwenye kurasa zake. Safari ya relini imechorwa kwa buluu iliyopauka, nyeupe na nyeusi. Rangi za joto zinachomoza mtoto anapokumbuka nyumbani. Wachoraji wengi hufifisha yaliyopita ili msomaji ajue kwamba ni ya zamani. Hapa kilichofifia ni sasa, na kilicho hai ni kumbukumbu. Uamuzi huo mmoja unaeleza kutoroka kwa Chanie kuliko aya nzima ya maelezo, na mwanafunzi asiyejua kuchora hata kidogo anaweza kuuiga kwa penseli mbili.

Msomaji mkali atanishika hapa: mbona Downie naye anasema "mimi"? Ndiyo, anasema. Lakini "mimi" ya Downie haielezi historia, haitoi hukumu wala kusamehe. Inatembea, inaona, inashika vitu, inarudia rudia kama mtu aliyechoka. Na kando yake yupo mchoraji aliyenyamaza kimya, anayetukumbusha kwamba sauti tunayoisikia ni ya mwimbaji aliye mtu mzima. Barua ya chai ya rangi haina mwenza wa kuipunguzia kelele. Joseph Boyden, katika riwaya fupi Wenjack ya mwaka huohuo, alitafuta suluhisho lingine: sura za mtoto zinapokezana na sura za wanyama wanaomtazama, huku Kent Monkman akichora. Kama ufundi ni njia nzuri, kwa kuwa mnyama anaruhusiwa kutojua. Ila mwishoni mwa 2016 madai ya Boyden kuhusu asili yake mwenyewe yalianza kuhojiwa hadharani, na walimu wengi wakabaki na swali la nani anapaswa kusema kwa niaba ya nani. Mwanafunzi asikwepeshwe swali hilo. Lisimzuie kuandika, limsaidie kuchagua atasimama wapi.

Sasa njiti. Adams aliandika kwamba ndani ya kichupa zilikuwemo kama nusu dazeni. Wimbo wa tatu wa Downie unaziita saba. Tofauti ni ya njiti moja, na wengi hupita bila kuiona, lakini kwa mchambuzi hapa ndipo penye kazi. Nusu dazeni ni makadirio ya mwandishi wa habari. Saba ni hesabu ya mtu aliyezishika, akazipanga kiganjani, akajua atakuwa na moto mara ngapi. Kwa kubadilisha tarakimu moja, Downie ametuhamisha kutoka meza ya mchunguzi hadi mkononi mwa mtoto, wala hakulazimika kutuambia mtoto anahisi nini. Mwanafunzi akiiona hila hiyo tayari ana umbo la shairi lake: beti saba, kila ubeti njiti moja, kila njiti jambo moja lililo kwenye kumbukumbu. Wa reli. Wa kijaketi. Wa jina lililokosewa. Kwa kuwa njiti zilikutwa kavu, hakuna ubeti unaoruhusiwa kuwasha moto. Sharti hilo la mwisho ndilo litakalomtoa jasho, maana kalamu ya kijana inapenda kuwasha.

Njia nyingine haimpi karatasi tupu kabisa. Anapewa hati na kalamu nene ya wino mweusi, na kanuni ni moja: kufuta ruksa, kuongeza marufuku. Hati ninayoipendekeza ni marekebisho ya mwaka 1920 ya Sheria ya Wahindi (yaani Wenyeji wa asili), jina ambalo sheria hiyo inalo hadi leo. Marekebisho hayo yaliwalazimisha watoto wa miaka 7 hadi 15 kwenda shule. Afisa mahudhurio alipewa mamlaka ya kuingia mahali anapodhani pana watoto, kuwakamata bila hati ya mahakama na kuwapeleka shule. Mzazi mkaidi alitozwa faini isiyozidi dola 2 pamoja na gharama, au kufungwa siku zisizozidi 10, au vyote viwili.

Lugha ya sheria imefumwa ili isiumize sikio. Kila kitenzi kimevalishwa masharti hadi hakionekani. Futa masharti, vitenzi vinabaki uchi: kuingia, kukamata, kupeleka. Wengi wataishia hapo, na si haba. Aliyeiva zaidi ataona kwamba hata vitenzi ni vingi. Atafuta ukurasa wote, aache 7, 15, 2 na 10. Msomaji atauliza namba hizi ni za nini, na jibu lenyewe ni somo la historia: umri wa kuchukuliwa, umri wa kuachiwa, bei ya kumficha mwanao, na muda wa kumfikiria ukiwa korokoroni.

Kasoro ya njia hii naifahamu pia. Wanafunzi huvua maneno matamu. Wanawinda neno "mtoto", neno "nyumbani", neno "ulinzi", wakayaacha yang'ae katikati ya weusi hadi sheria ikaonekana ilikuwa na moyo. Huko ni kuisafisha hati. Kasoro ya pili ni ya tarehe: Chanie alitoroka 1966, na sheria ilikuwa imeandikwa upya mwaka 1951. Afisa mahudhurio alibakizwa katika sheria mpya, kwa hiyo uhusiano upo, lakini lazima uelezwe. Kubandika hati ya 1920 juu ya kifo cha 1966 bila neno lolote ni uvivu.

Katika madarasa hayo ya Ontario wamo pia watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani, hasa wa familia zilizotoka Kongo. Hawa wana mtaji ambao wenzao hawana: wakiwa na mzazi au babu aliyewahi kuwaimbia shairi la mizani, wanajua kwamba kuhesabu silabi hakuui hisia, huibana hadi ikatoa sauti. Beti saba za njiti zingewakaa vizuri. Lakini hao ndio pia wenye kishawishi kikubwa cha kulinganisha. Anayejua habari za kipande cha ubao alichovishwa mwanafunzi wa Kenya kwa kosa la kusema lugha ya mama ataona Cecilia Jeffrey na kusema, naijua hii. Anajua sehemu yake. Mvaaji wa kile kibao jioni alirudi kwao. Ulinganisho ukiingia mapema humeza tofauti hiyo, na tofauti hiyo ndiyo historia yenyewe.

Nimeiweka ramani mwisho kwa kuwa ndiyo naiamini kuliko zote, ingawa haionekani kama sanaa. Mwanafunzi anachukua karatasi ya risiti, ile ya gombo la dukani, anaamua kwamba sentimita moja ni kilomita moja, anakata mita sita. Anaibandika ukutani kuanzia mlangoni. Kenora iko mwanzo. Redditt inafika kabla ya nusu mita. Farlane inafuata, na mita ya kwanza bado haijaisha. Zilizobaki ni mita tano na ushei za karatasi nyeupe zinazozunguka darasa, zinapita nyuma ya meza ya mwalimu na kuendelea.

Hapo atataka kupamba. Atachora miti ya misonobari, atachora nyota, pengine kunguru kwa kuwa ameona kunguru kwa Lemire. Azuiwe. Weupe ule ni kipimo, na kipimo hakipambwi. Aruhusiwe kuandika umbali tu, kila kilomita 50, kwa mwandiko mdogo.

Kisha aweke utepe wake sambamba na ramani halisi ya Ontario. Hapa ndipo ramani inapofanya kile ambacho barua haiwezi. Reli aliyoifuata Chanie inaelekea mashariki. Ogoki Post iko kwenye mto Albany, mbali kaskazini mwa reli hiyo, na reli haifiki huko. Mtoto angeweza kuifuata reli kwa uaminifu wote, akavumilia baridi, akapata chakula kwa mafundi wa reli njiani, na bado isimfikishe kwao. Kwa hiyo utepe mmoja ulionyooka unadanganya. Lazima ukatwe mahali fulani, na kipande cha pili kigeuzwe kaskazini, juu ya ukuta usio na mstari wowote.

Akate wapi? Kumbukumbu hazisemi alikusudia kuiacha reli kituo gani, wala kama alijua kwamba itabidi aiache. Downie alipata nafasi ya kwenda Ogoki Post na kukaa na dada zake Chanie, na filamu inaishia kwa safari hiyo. Dada mmoja, Pearl Achneepineskum, amesimulia mwenyewe habari za mdogo wake katika filamu fupi ya Heritage Minute ya mwaka 2016. Mwanafunzi hana safari hiyo. Ana mkasi na karatasi. Akate anapoona panafaa, kisha chini ya mkato aandike kwa penseli kwamba mahali hapa amepachagua yeye.