SuperflexPy imetua Likasi, na usingizi umeniruka!

Jamani, hatimaye! Programu ya kuunda modeli ya bonde la mto isiyokulazimisha kuvaa kiatu cha mtu mwingine. GR4J ya Wafaransa, yenye vigezo vinne tu, ni nzuri kwelikweli, lakini haikushonwa kwa ajili ya madembo, yaani mabonde yenye majimaji, ya mto wetu Lufira.

SuperflexPy, ambayo Dal Molin, Kavetski na Fenicia waliieleza mwaka 2021, inakupa vipande: tangi la maji ya udongoni, tangi la mkondo wa haraka, tangi la chini ya ardhi, kipande cha kuchelewesha maji. Unaviunga upate aina ya ardhi, kisha kijibonde, kisha mtandao mzima wa mto. Waitaka GR4J? Imo humo humo, na unaweza kung'oa kipande chake chochote!

Basi nikaipeleka moja kwa moja kwenye bonde la Lufira, sehemu iliyo juu ya bwawa la Mwadingusha. Kwetu mvua ikianza, mwezi wa Novemba hivi, udongo mkavu wa misitu ya miombo huinywa na mto hata haushtuki. Ikifika Februari madembo yameshiba, na mvua ile ile inateremka mbio mtoni. Nikaipa miombo matangi yake, dembo nalo lake. (Wazo la kugawa bonde kwa sura ya ardhi Hubert Savenije alilipigia debe mwaka 2010, na limejaribiwa kwa jirani, kwenye mto Luangwa, Zambia.) Sasa ule ubishi wa zamani: dembo hutunza maji ya kiangazi, au huyaachia jua? Andika modeli mbili, moja kwa kila upande, zote mbili uzipambanishe na mtiririko uliopimwa! Kwa kituo kinachozalisha umeme Mwadingusha tangu 1930, na kile cha Koni chini yake, huo si ubishi wa darasani.

Kasoro? Haikutafutii thamani za vigezo, ingawa SPOTPY, programu ya kuzitafuta, inashikana nayo vizuri. Maelezo yake ni ya Kiingereza, nasi huku tumesoma kwa Kifaransa. Na inahesabu wingi wa maji tu: metali ambazo mto Panda unazichukua kwenye viwanda vya Shituru hazimo.

Lakini ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji intaneti. SNEL, shirika la umeme la Kongo, wakikata umeme, betri ya kompyuta inatosha. Tena inakuruhusu kuandika kipande chako mwenyewe. Changu kitakuwa Ziwa Tshangalele, lile la bwawa la Mwadingusha: tangi pana, la kina kifupi, linalonyonywa na jua mwaka mzima.