Kukagua, Kupima, Kuthibitisha: Uhakiki wa Istilahi za Upimaji wa Nyaya za Data

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekula wino mwingi juu ya jina la mashine yenyewe. Kompyuta, tarakilishi na ngamizi zimeshindanishwa kwa miaka mingi, kila moja ikiwa na mawakili wake, ilhali nyaya zinazoiunganisha mashine hiyo na wenzake hazikupata hata mtetezi mmoja. Upungufu huo haukudhuru sana nyaya zilipokuwa katika maofisi machache ya miji mikuu. Lakini tangu kebo ya TEAMS ilipofika Mombasa mwaka 2009, na nyuzi za kioo kusambazwa bara, nyaya za data zimeingia katika shule na ofisi za milimani, pamoja na za sehemu kama Nyamache, katika Kaunti ya Kisii. Huko Ekegusii ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili ni cha soko na cha mikutano ya watu mchanganyiko, na mikataba ya kazi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Istilahi za upimaji zinahitajika hasa pale mkataba unapoelezwa kwa kamati ambayo sahihi yake ndiyo itakayomlipa mkandarasi.

Wataalamu hutenga ngazi tatu. Ya kwanza, iitwayo verifikesheni, huuliza tu kama waya nane za kebo, katika jozi zake nne, zimefika mahali pake. Ya pili, kwalifikesheni, huuliza kama kebo itaweza kubeba mtandao wa kasi fulani. Ya tatu, satifikesheni, huipima kebo kwa masafa mengi na kuyalinganisha matokeo na kiwango kilichoandikwa, ama TIA-568 cha Marekani ama ISO/IEC 11801 cha kimataifa. Katika Kiswahili ngazi zote tatu huelekea kuitwa kuthibitisha, au kupima basi. Matokeo yake ni kwamba fundi mwenye kisanduku cha taa nane anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba nyaya zimethibitishwa. Kisanduku hicho hakiwezi kuonyesha hata kosa la jozi zilizobadilishana wenzi: kila waya umefika kwenye pini yake, taa zote zimewaka, na mtandao utakwama siku ya kazi.

Mkulima wa chai wa Nyamache hahitaji kufundishwa tofauti hii. Kituoni majani hukaguliwa kama ni majani mawili na chipukizi. Kisha hupimwa kwa mizani. Na mizani yenyewe, kwa Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, sharti iwe imethibitishwa na kupigwa muhuri. Vitendo ni vitatu, vitenzi vitatu, wala hakuna mkulima anayedhani kwamba kimoja chaweza kushika nafasi ya kingine. Lugha basi imekwisha kuwa na mali inayotakiwa. Kukagua kungetosha kwa ngazi ya kwanza, kupima uwezo kwa ya pili, na kuthibitisha kukahifadhiwa kwa ya tatu peke yake, tena kusitumiwe bila ya kutaja kiwango kilichothibitishiwa. Kuidhinisha, ambako wengine wangekupendelea, hakufai: idhini hutolewa na mwenye mamlaka, wala haitoki katika kipimo.

Matatizo makubwa zaidi yamo ndani ya taarifa ya kipimo. Ishara ya jozi moja huvuja ikaingia katika jozi jirani. Kiingereza kiliirithi istilahi ya jambo hili kutoka simu za zamani, ambamo msemaji aliweza kusikia maongezi ya watu wengine. Mwingiliano, neno linalokuja upesi kwa mfasiri, limekwisha kubebeshwa mizigo mingi mno, tangu sosholojia hadi uhakiki wa fasihi. Mvujo ni bora. Lakini hata mvujo hautoshi, kwa sababu tarakimu inayoandikwa katika taarifa haielezi ukubwa wa mvujo, bali inaeleza jinsi ulivyo dhaifu ukilinganishwa na ishara iliyotumwa. Kwa njia kamili ya kebo ya daraja la 6, kwenye megahezi 250, tarakimu hiyo haitakiwi kupungua desibeli 33.1. Kwenye masafa hayohayo, kufifia kwa ishara njiani hakutakiwi kuzidi desibeli 36 hivi. Tarakimu mbili zafuatana katika ukurasa mmoja. Moja ikikua ni heri, nyingine ikikua ni shari. Anayesomewa kwamba mvujo ni desibeli 45 na kufifia ni desibeli 20 ataulaumu mvujo, na kumbe ndio unaostahili sifa. Kiingereza chenyewe kimezembea hapa, kwani katika mazungumzo ya mafundi neno linaloonyesha kwamba ni upungufu ndio unaopimwa huachwa. Hakuna sababu ya Kiswahili kuuiga uzembe huo. Udhaifu wa mvujo ni istilahi ndefu kidogo, lakini inasema kweli, na inamwambia msomaji kwamba udhaifu ukizidi ndivyo itakiwavyo.

Kosa hilohilo hujirudia katika upotevu wa kurudi, tafsiri ya neno kwa neno isiyoeleza chochote. Jambo lenyewe ni mwangwi: sehemu ya ishara hugonga mahali palipofungwa vibaya ikarudi ilikotoka. Neno ni la zamani, na linaeleweka. Udhaifu wa mwangwi basi.

Istilahi nyingine ina hatari ya kisheria. Sehemu ya kebo iliyofungwa ukutani, isiyozidi mita 90, ikitafsiriwa kiungo cha kudumu, humfanya mnunuzi adhani ameahidiwa uimara wa miaka. Maana yake ni kwamba haihamishwi. Kiungo cha ukutani kingetosha. Njia kamili ni mita 100, pamoja na nyaya fupi za kuunganishia. Mkandarasi akipima njia kamili kwa nyaya zake fupi, kisha akaondoka nazo, taarifa aliyoiacha ni ya njia isiyokuwapo tena.

Hatimaye pana kinyota. Mashine ya kupimia huandika kwamba kebo imefaulu, na pengine huongeza kinyota kando ya neno hilo. Maana yake ni kwamba matokeo yamekaribia mpaka mno, kiasi kwamba usahihi wa mashine yenyewe hauwezi kuyahakikisha. Katika Kiswahili, kinyume chake, nyota ni bahati, na hoteli yenye nyota nyingi ndiyo bora. Mjumbe wa kamati akionyeshwa ukurasa uliojaa vinyota atatia sahihi kwa furaha. Imefaulu kwa mashaka ndiyo tafsiri iliyo sawa, na iandikwe kwa maneno kamili, pasipo alama. Desibeli na megahezi ziachwe kama zilivyo, hazimdanganyi mtu.