Trekta Inapochemsha

Massey Ferguson 135 zilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na zikaendelea hadi 1975. Ukipita mashamba ya mahindi na ngano ya Uasin Gishu msimu wa kulima, bado utazikuta zinavuta plau. Injini ya Perkins iliyomo katika nyingi, dizeli ya silinda 3 yenye ujazo wa lita 2.5 hivi, ni mvumilivu ajabu wa vumbi, mzigo na uzembe. Joto ndilo lisilovumilika. Ndiyo maana, kati ya kazi zote za fundi wa trekta kuukuu, ninayoipenda zaidi kuitazama ni ya kutafuta kwa nini maji yanachemka.

Fundi hodari hashiki spana kwanza. Anauliza. “Mzee, inachemsha ikilima tu, au hata ikisimama?” Akiambiwa ni wakati wa kulima, anaanza kuwaza rejeta, feni na mkanda wake. Akiambiwa inachemsha dakika chache baada ya kuwashwa asubuhi ya baridi, mawazo yake yanahamia kwenye themostati na gasketi ya hedi. Kisha anauliza kama maji yanapungua, na kama yanapungua, yanaonekana wapi. Maswali hayo mawili humwokolea mwenye trekta pesa nyingi, na nimeona wengi wakiyaruka wakakimbilia kununua pampu mpya.

Baada ya hapo huanzia nje. Makapi ya ngano na vumbi lililoshikana na mafuta huziba rejeta kwa mbele, nayo huoshwa kwa maji yanayopigwa kutoka upande wa feni, ili uchafu urudi ulikoingilia. Mkanda wa feni anaubonyeza kwa dole gumba. Ukizama zaidi ya robo tatu ya inchi, umelegea. Anainama kuangalia tundu dogo chini ya pampu ya maji. Likidondosha maji, sili ya ndani imekwisha, na anayeliziba tundu hilo anayaelekeza maji kwenye beringi. Hosi ya chini anaitazama injini ikivuma kwa kasi, kwa sababu mpira uliochoka hunyonywa ukabanana, kisha hurudi mzima injini ikipunguzwa, kana kwamba hauna kosa.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kwa udogo wake, na huko nyanda za juu dharau hiyo ina gharama. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na maji yasiyofunikwa huchemka pale yakifika nyuzi 93 hivi. Springi na mpira wa kifuniko hushikilia presha, na kwa presha hiyo maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Mpira ukikatika, injini isiyo na ugonjwa wowote itatoa mvuke ikipanda mlima na plau. Fundi husubiri injini ipoe ndipo akifungue, na hataruhusu maji baridi yamwagwe kwenye injini ya moto, kwani bloku hupasuka.

Themostati watu huitoa na kuitupa, wakisema nchi zetu ni za joto. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi haiunguzi mafuta vizuri, na silinda zake hulika mapema. Fundi ninayemsifu huining’iniza themostati kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, akaipasha moto taratibu huku kipimajoto kikiwa pembeni. Iliyoandikwa 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na hapo. Isipofunguka mpaka maji yanatokota, hiyo ndiyo ya kutupwa, na badala yake inafungwa mpya.

Lakini ustadi wenyewe nauona kwenye koki ya kutolea maji ubavuni mwa bloku. Anaifungua, halitoki hata tone. Mwingine angesema maji yamekwisha, akaendelea. Yeye anachukua waya, anauingiza na kuuzungusha polepole, anasubiri, anauingiza tena. Mwishowe unatoka uji mzito wa rangi ya matofali: kutu na matope ya miaka ya maji ya mtoni, yaliyotuama kuzunguka silinda. Rejeta ingeoshwa mara kumi na joto lingebaki palepale. Anasukuma maji mpaka yanatoka meupe, halafu anamwambia mwenyewe akinge maji ya mvua kwa ajili ya trekta.

Kama vyote hivyo ni vizima, ndipo anaigeukia gasketi. Anaijaza rejeta hadi shingoni injini ikiwa baridi, anaiwasha kifuniko kikiwa wazi, na kutazama. Mapovu yanayopanda mfululizo ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Anachomoa kijiti cha oili pia. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Sasa hedi inafunguliwa na kupimwa kwa rula ya chuma kama imepinda. Ikisharudishwa, trekta haikabidhiwi ikiwa imeegeshwa uani. Inapelekwa shambani adhuhuri, plau ikiwa ardhini, na fundi anatembea kando yake akiitazama geji.