Pongezi kwa Katekista wa Mguu

Mapadri Waasumpsionisti walifika eneo la Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, mwaka 1929, na tangu hapo Neno la Mungu huku limekwenda zaidi kwa miguu. Padri hufika kanisa la kijijini mara mojamoja. Jumapili zilizobaki ni za katekista. Alfajiri anaacha jembe lake, anapanda milima ya Lubero ndani ya ukungu, au anakatiza mashamba ya kakao upande wa Beni, peke yake, kwenye utelezi. Akifika anaongoza ibada, anafundisha wanaojiandaa kubatizwa, anazika wafu, mara nyingine anaamua ugomvi wa mpaka wa shamba. Kisha anarudi kulima, maana kazi hii haimlishi. Wanaomwita msaidizi tu hawajamfuata njiani.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yalipoanza kuizunguka Beni, safari hiyo imekuwa ya hatari. Vijiji vimehama, naye huwafuata waumini walikokimbilia.

Parokia zenye uwezo, kabla ya kununua kinanda kipya, mnunulieni katekista wenu buti za mpira na koti la mvua.