Saini za Wanakijiji wa Makueni

Mkandarasi aliyepewa zabuni ya kujenga zahanati katika kaunti ya Makueni anajua kwamba paa likishaezekwa kazi bado haijaisha. Kuna wakaguzi wanaokuja. Si wahandisi kutoka makao makuu ya kaunti kule Wote. Hao nao wana zamu yao. Ni kamati ya mradi, majirani wa hiyo zahanati waliochaguliwa na wenzao barazani. Watazunguka jengo wakiwa na orodha ya vifaa mkononi. Je, mabati ni ya unene ulioandikwa? Milango imetimia? Sakafu imeanza kupasuka kabla hata mgonjwa wa kwanza hajaikanyaga? Wasiporidhika hawatii saini, na saini yao isipokuwapo, malipo hayatoki.

Wengi huusifia utaratibu huu kwa jina la demokrasia. Mimi nausifia kama ufundi. Aliyeubuni alijua pesa ya umma huvujia wapi: pale mwisho, kati ya kazi iliyofanywa na hundi inayoandikwa. Akaweka mlinzi hapo hapo, tena mlinzi ambaye mtoto wake ndiye atakayechanjwa katika jengo hilo.

Kaunti 47 za Kenya zilianza kazi mwaka 2013, kwa mujibu wa katiba ya 2010. Katiba inaagiza zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na sheria ya fedha za umma inataka asilimia 30 ya bajeti ya kila kaunti, au zaidi, iende kwenye maendeleo. Wananchi nao lazima washirikishwe. Hilo la mwisho kwingi hutimizwa kwa hema moja, soda za kutosha na daftari la mahudhurio. Makueni wakajenga ngazi. Mjadala wa bajeti huanza kijijini, hupanda hadi kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, halafu kaunti nzima. Katika kila kidato watu hupanga mahitaji yao kwa uzito. Kijiji kinachodai kisima hukutana na jirani anayedai daraja, na hapo hapo hubishana mpaka mmoja akubali kungoja mwaka mwingine. Kwangu hiki ndicho kiungo kizuri kuliko vyote: aliyekosa anajua amekosa kwa ajili ya nani, na kwa sababu gani. Ofisa aliyejifungia Wote hawezi kumpa mtu jibu la namna hiyo.

Wala haya hayakuzaliwa katika utulivu. Gavana wa kwanza, Kivutha Kibwana, profesa wa sheria aliyeongoza hadi 2022, aligombana na wawakilishi wadi juu ya bajeti kiasi kwamba mwaka 2014 risasi zilifyatuliwa katika purukushani za pande hizo mbili. Tume iliyoundwa kuchunguza mgogoro huo ilipendekeza kaunti ivunjwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa mwaka uliofuata, na Makueni ikapona.

Ufundi wa pili uko mtoni. Mito mingi ya Ukambani, nchi ya Wakamba ambamo Makueni imo, hupitisha maji wakati wa mvua tu; miezi iliyobaki ni mchanga mtupu. Wakamba wameyafanya mazingira hayo yawe ghala. Fundi wa bwawa la mchanga, yaani ukuta unaojengwa kuukinga mto, huanza kwa kutafuta mwamba. Huchoma nondo ndefu kwenye mchanga, hatua kwa hatua, akisikiliza inapogonga. Huwauliza pia wanawake wanaoteka maji, maana wao wanajua ni shimo gani la mtoni linalokauka mwisho kiangazi kikiwa kikali. Mahali pakishajulikana, kikundi cha mwethya, yaani cha kazi ya pamoja, hukusanya mawe, na mtaro huchimbwa kuvuka mto mpaka kwenye mwamba wenyewe. Mwamba husuguliwa. Ukibaki udongo kidogo chini ya ukuta, maji yatapenya na kazi yote itakuwa bure. Mbawa za ukuta huzamishwa ndani kabisa ya kingo, kwa sababu mafuriko yakikosa njia ya kupita juu hutafuta ya pembeni.

Kisha watu hungoja mvua. Mafuriko huja na mchanga na matope pamoja; mchanga mzito hutulia nyuma ya ukuta, matope mepesi hupitiliza juu. Misimu ikipita, ghala limejaa. Kati ya punje za mchanga mkavu mna nafasi inayoweza kufikia robo ya ujazo wake au zaidi, na huko ndiko maji yanakokaa, jua lisiweze kuyakausha wala mbu kutaga. Huko Machakos, kaunti jirani, marehemu Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walikuwa wakijenga hivi tangu mwaka 1978, kaunti hazijawazwa. Nao walijua kwamba bwawa huanzia mlimani. Shamba la juu lisipokuwa na matuta ya fanya juu, udongo mlaini hushuka, na nyuma ya ukuta hujaa tope lisiloshika maji.

Ukielewa hayo, utaona kwa nini lori la mchanga linaloelekea Nairobi ni lori la maji ya watu. Majengo ya jiji yaliila mito ya Makueni kwa miaka mingi, na watu waliuawa katika ugomvi wa mchanga huo. Mwaka 2015 kaunti ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Ilitenga pia asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, na wadi zikapata kamati za kupendekeza miradi yake. Nyingi, bila kushangaza, zilichagua maji. Huduma nyingine zilifuata mkondo huo huo wa hesabu ndogo zinazoeleweka: bima ya afya ya MakueniCare ilitoza kaya shilingi 500 kwa mwaka.

Sisemi Makueni ni pepo. Mapato ya kaunti yenyewe ni madogo mbele ya mgao wa serikali kuu, na mgao ukichelewa, hata kamati iliyotia saini huachwa ikimtazama mkandarasi machoni. Vikao vya ngazi sita hula siku za watu wenye mashamba ya kulima. Bila shaka wako pia wanakamati walioshawishiwa kwa chai nzito. Lakini fundi huhukumiwa kwa namna alivyokiunga chombo, na hiki kimeungwa vizuri: kinajua udhaifu wa binadamu na kimeupangia nafasi.

Wajumbe kutoka kaunti nyingine wamekuwa wakifika Wote kujifunza. Ushauri wangu kwao ni kwamba waanze na jambo moja kabla ya kuiga ngazi zote sita: mkandarasi asilipwe mpaka watu wa pale pale watie saini.